Paipu Niliyoikata

Nianze na aibu yenyewe, nisije nikaizunguka hadi msomaji akachoka. Katika miaka ile ya hamsini, nikiwa kijana wa ishirini na kitu, niliuwekea umeme msikiti wa kijiji chetu, na sehemu moja ya kazi ile niliifanya kwa udanganyifu. Ilikuwa sehemu ambayo haionekani, ndiyo maana nilithubutu.

Kijiji chetu kiko kusini ya Msambweni, baina ya barabara na bahari. Siku hizo umeme huku kwetu haukuwepo ila kwa wachache waliokuwa na injini zao. Mmoja wao alikuwa mwenye kinu cha mafuta ya nazi, mtu mnene, mcheshi, aliyependa dini na kupenda kuonekana anaipenda. Aliamua kutoa sadaka: atavuta waya kutoka kinuni hadi msikitini, ziwekwe taa nne, na kisimani iwekwe pampu ya kupandisha maji, ili wazee wapumzike kuvuta ndoo. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimerudi kutoka Mombasa, ambako nilikaa miaka mitatu kwa fundi mmoja wa Kihindi aliyenifundisha kazi vizuri na kunizaba makofi vizuri zaidi. Nilikuwa na ujuzi wa miaka mitatu na majivuno ya miaka thelathini. Mwenye kinu akaniajiri kuangalia injini yake, na kazi ya msikiti akanipa juu yake.

Muadhini wa msikiti ule alikuwa baba yangu. Yeye ndiye aliyeufagia, yeye ndiye aliyejaza maji, na mtu akifa yeye ndiye aliyechimba kaburi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache hakuyarudia. Alimwacha mama nikiwa na miaka mitano, asioe tena, jambo ambalo watu waliliona la ajabu. Mama alirudi kwao Kikoneni, na mimi nikakua nikienda na kurudi baina yao, nikibeba samaki huku na mihogo kule. Sababu ya talaka niliijua kama kila mtu alivyoijua: shangazi yangu, dada yake baba, alidai kuwa amemwona mama akitoka katika kibanda cha mnunuzi mmoja wa mbata. Miaka mingi baadaye shangazi alipokuwa mgonjwa wa kufa alikiri mbele ya watu kwamba alisema uongo. Kufikia hapo ndoa ilikwisha oza zamani.

Sasa nieleze kazi, maana bila hiyo kosa langu halieleweki. Mota ya pampu imefungwa ndani ya chuma. Umeme ukivuja ukagusa chuma hicho, utapita kwa yeyote atakayekigusa. Kwa hivyo fundi hufunga waya kwenye chuma cha pampu, akauunganisha na paipu iliyopigwa chini kabisa hadi kwenye udongo wenye unyevu. Umeme uliovuja hushuka kwa njia hiyo, fyuzi hukatika, na mtu hadhuriki. Paipu yangu ilikuwa ya futi nane. Mwalimu wangu alikuwa akisema kwamba paipu hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo hakuna atakayeisifu, na ndiyo inayoonyesha kama wewe ni fundi au ni mtu mwenye bisibisi tu.

Pa kuipiga vizuri palikuwa mahali pamoja tu, nyuma ya birika la msikiti, ambako maji ya kutawadhia hutiririkia na udongo haukauki mwaka mzima. Lakini ndiko kuliko na makaburi. Mengi hayana hata jiwe la kuonyesha kichwa kiko wapi. Nilipowaomba wazee ruhusa, imamu alinitazama kama niliyetukana. Akaniuliza kama mimi ningependa babu yangu apigwe chuma kifuani ili watu wapate maji kwa raha. Kwa kweli nilikubaliana naye.

Nikaenda upande wa pili, penye ukavu. Wanaoijua ardhi ya pwani yetu wanajua kilichonipata. Chini ya mchanga kuna jiwe la matumbawe, gumu kama roho ya mkopeshaji. Paipu ilishuka futi tatu ikagota. Nilihamisha mara tano, na mara zote iligota. Siku mbili nilipiga nyundo juani, watu wamekaa ukutani wananiangalia, wengine wananishauri jinsi ya kushika nyundo. Siku ya tatu, Ijumaa ikiwa kesho yake na mwenye kinu amekwisha alika watu hata wa kutoka Diani, niliwangoja waende kula, nikachukua msumeno wa chuma, nikakata futi tano zilizobaki juu. Kile kipande nikakitupa shimoni kwenye taka za kinu. Walioniuliza niliwaambia paipu imezama yote, futi nane, alhamdulillahi.

Mwalimu wangu alinifundisha jinsi ya kupima. Unachukua taa, unaiunganisha baina ya waya wa moto, ule wenye umeme, na ile paipu. Paipu ikiwa imeshika ardhi vizuri, taa huwaka kama kawaida. Taa yangu iliwaka wekundu hafifu, kiasi cha kuona uzi wake ndani. Wazee walipoiona imewaka walifurahi, imamu akaomba dua, na mimi niliyejua maana ya wekundu ule nikaitikia amina kwa sauti kubwa. Nilijiambia kwamba mvua zimekaribia, ardhi italowa, na nikipata nafasi nitarekebisha.

Mvua zilikuja kweli. Masika yote pampu ilifanya kazi bila neno, na miezi iliyofuata pia. Kwenye paipu ya chuma iliyoleta maji kutoka kwenye pampu, iliyopita juu ya ukuta wa birika, nilikuwa nimefunga mifereji miwili, yaani bomba za kufungulia maji, na watu wakaizoea upesi, wakaacha kuchota kwa kata. Nilisifiwa hadi nikachoka kusifiwa, na hilo kwangu halikuwa jambo dogo. Ile nafasi ya kurekebisha sikuipata kwa sababu sikuitafuta.

Kaskazi ilipoingia ardhi ilikauka ikawa kama majivu. Mota nayo ilikuwa imekaa mwaka mzima kwenye hewa ya chumvi, ikaanza kuvuja. Hayo nayajua sasa. Wakati ule nilichokiona ni kwamba watu wa kijiji chetu wamekuwa wema ghafla.

Jirani yetu mmoja alimrudishia mwenzake jembe aliloliazima tangu jembe lenyewe likiwa jipya. Ndugu wawili waliokuwa hawasemezani kwa ajili ya mpaka wa shamba walionekana wakishikana mikono baada ya sala ya alasiri. Mzee mmoja, mlevi wa tembo la mnazi tangu nimjue, aliacha. Imamu alijaa furaha, akaamini ni hotuba zake, akazirefusha. Mimi nilicheka moyoni, sikujua ninachokicheka.

Mambo yalikuwa hivi. Mtu alivua viatu mlangoni, kama ilivyo adabu, akaenda miguu mitupu kwenye saruji yenye maji, akanyoosha mkono kwenye mfereji. Pampu ikiwa inafanya kazi, chuma kilimuuma. Kwingine mtu angepiga kelele akaitwa fundi. Lakini hapa ni msikitini, mtu yumo katika udhu, na alipomtazama mwenzake kwenye mfereji wa pili alimwona ametulia tu, akitawadha. Mwenzake naye alikuwa ameumwa, amebana meno kwa sababu iyo hiyo. Kila mmoja aliamini kwamba ni yeye peke yake. Kila mmoja alirudi nyumbani akiutafuta uchafu wake, na nani asiye nao? Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema maji ya msikiti yanamkataa.

Mimi sikuumwa hata mara moja. Nilitawadha kinuni, kwenye pipa, kisha nikaja moja kwa moja kwenye safu. Na kila nilipopitia pampu kuipaka grisi nilikuwa na viatu vyangu vya mpira, ambavyo mwalimu wangu aliniusia nisivivue nikiwa kazini. Usia huo niliushika barabara.

Aliyeumwa kuliko wote alikuwa baba. Yeye ndiye aliyefungua swichi kabla ya adhuhuri, na pampu ikinguruma yeye ndiye aliyetawadha wa kwanza ili apande kuadhini. Kila siku adhuhuri, kila siku alasiri. Nilimwona anakonda. Nilimuuliza kama ni homa akasema si homa. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya mfereji, mkono ameunyoosha bila kugusa. Nikadhani ni uzee. Hata sasa nikiukumbuka mkono ule huniuma zaidi ya umeme.

Kila baada ya wiki mbili nilikwenda Kikoneni kumwona mama. Safari hiyo nilimkuta amekaa barazani, ukili wa kusukia mkeka uko pembeni, mikono mitupu mapajani. Sikuwa nimewahi kumwona mama amekaa mikono mitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nikakaa.

"Baba yako alikuja juzi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Miaka ile yote baba hakuwahi kukanyaga Kikoneni.

"Alitembea kwa miguu," alisema. "Alikaa hapo ulipokaa. Hakutaka maji. Akasema amekuja kuomba radhi, kwa sababu maji ya msikiti yamemkataa. Akigusa mfereji unampiga. Yuasema udhu wake haupokewi, na yeye anaijua sababu."

Nilielewa pale pale, kabla hajaendelea, kwamba ni ile paipu yangu.

"Unajua nilikaa eda kwa nani?" aliniuliza.

"Kwa bibi, hapa."

"Nilikaa nikingoja. Talaka ilikuwa moja. Alikuwa na haki ya kunirejea siku yoyote, kwa neno tu, hata kwa kutuma mtu. Kila mtu akipita njia ile nilisema ndiye. Eda ikaisha. Nikasema basi, wamemdanganya akadanganyika, ni mwanadamu. Shangazi yako alipokiri, mwaka ule aliokufa, nikasema sasa baba yako ameujua ukweli pamoja nami. Nikamsamehe. Hakuniomba, nikamsamehe tu."

Aliuchukua ukili, akauweka tena.

"Juzi ananiambia kwamba shangazi yako alimwambia ukweli zamani. Mimi nikiwa bado edani. Siku tisa zilikuwa bado. Akaona haya, watu watasema amerudi nyuma kama mtoto. Akazihesabu zikaisha."

Nilimwuliza alimjibu nini. Mama aliniangalia kwa macho makavu.

"Mwambie nilimsamehe mtu aliyedanganywa. Huyu aliyekuja juzi simjui, wala sina cha kumpa. Na mwambie asije tena."

Ningeweza kumwambia hapo hapo kwamba si maji, ni mimi. Kwamba kama ningetafuta mahali pa kupiga futi nane, yeye angekufa akimjua baba kama mpumbavu aliyedanganywa, akiwa amemsamehe. Sikumwambia. Niliondoka bila kula, nikatembea njia nzima nikijitukana kwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Nilifika kijijini kabla ya alasiri. Pampu ilikuwa inanguruma. Nilivua viatu mlangoni, nikaenda kwenye saruji yenye maji, nikashika mfereji kama wanavyoushika watu wote. Ulinipiga hadi kwenye kiwiko, meno yakagongana. Nikazima swichi, nikakaa chini, nikaogopa kweli. Ile haikuwa sindano ndogo. Wazee wawili katika safu ya mbele walikuwa na ugonjwa wa moyo, na siku ambayo mota ingevuja zaidi kidogo, tungemzika mtu huku tukisema ameitwa akiwa katika udhu.

Baba alinikuta hapo.

"Mbona umezima?"

"Baba, yale yanayokupiga ni umeme. Paipu niliyoipiga chini ni fupi. Iligota kwenye jiwe, nikaikata."

"Imeshuka kiasi gani?"

"Futi tatu."

"Ulisema nane."

"Nilisema nane."

Alikaa kwenye ukingo wa birika taratibu, akishika ukuta. Nilingoja anitukane, nilitamani anitukane. Aliutazama mkono wake, akaufungua na kuufunga.

"Na watu wengine pia unawapiga?"

"Wote, baba. Kila mtu anayafanya siri."

Niliona kwamba anahesabu: njia ya Kikoneni, maneno aliyoyasema, na ya kwamba hayarudi tena. Kisha akasimama, akaniambia nimfuate kwa imamu.

Mbele ya imamu na wazee nilirudia yote, pamoja na msumeno na shimo la taka. Haikuwa rahisi na sitajifanya kuwa ilikuwa rahisi. Mwenye kinu alinitazama kwa huzuni, jambo lililonichoma kuliko matusi ya mzee wa tembo, ambaye alikumbuka alivyoteseka miezi miwili bila kinywaji, bure. Nilipomaliza, nilisema kwamba dawa ni moja, paipu izame futi nane penye maji, na penye maji ni nyuma ya birika. Imamu akatikisa kichwa. Alikuwa bado na jibu lake la mwanzo, na makaburi yalikuwa bado pale pale.

"Mahali papo," alisema baba. "Mimi ndiye niliyechimba. Najua pasipo na mtu."

Imamu alimtazama, akasema kama muadhini anachukua dhamana, basi.

Tukaenda wawili, mimi nimebeba paipu mpya na nyundo. Baba alitembea baina ya makaburi bila viatu, akinionyesha pasipofaa kukanyagwa. Hapa ni baba yake. Hapa ni pacha waliokufa siku moja. Hapa ni mgeni aliyeletwa na maji, hakujulikana jina. Mengine hayakuwa na alama yoyote, nyasi tu, lakini aliyapita kama mtu anayepita gizani katika nyumba yake mwenyewe. Karibu na ukuta wa birika alisimama. Udongo pale ulikuwa mweusi na laini, unyevunyevu.

"Hapa hakuna mtu."

Niliinua paipu. Akaweka mkono juu yake.

"Ngoja. Ulikwenda Kikoneni?"

"Nilikwenda."

"Amekwambia nilikuja."

"Ameniambia."

Hakunitazama. Aliutazama udongo.

"Hapa nilipaacha mimi," alisema. "Kila mtu akifa nilichimba kwingine. Nilimwekea mama yako, na mimi nilale pale, karibu na ukuta. Nilisema wewe utaniombea kwa watu wake aletwe hapa, akishanisamehe." Kisha akaniuliza, "Amesemaje?"

Nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Amekusamehe, baba. Maneno mawili, ni kweli kwa upande mmoja, maana alimsamehe zamani. Mzee angepumua. Na kisha asingekubali nipige chuma pale, na watu wangeendelea kuunyooshea mikono mfereji ule. Labda hilo ndilo lililonizuia. Ningependa kusema kwamba nilizuiwa na kitu bora zaidi, lakini sina hakika.

"Amesema alimsamehe mtu aliyedanganywa," nikamwambia. "Amesema huyu aliyekwenda juzi hamjui. Hana cha kumpa. Na usiende tena."

Baba aliitikia kwa kichwa, polepole, kama anayesikiliza bei ya kitu ambacho alijua tangu mwanzo kwamba hana uwezo wa kukinunua.

"Basi piga," alisema.

Paipu ndefu haisimami peke yake, lazima mtu aishike. Aliishika yeye kwa mikono miwili, nami nikapanda juu ya jiwe nikapiga. Udongo haukunipa taabu yoyote. Kila pigo iliteremka, na yeye akaishusha mikono pamoja nayo, kutoka kifuani hadi tumboni, kutoka tumboni hadi mapajani. Nilimwambia aiache, sasa imeshika, haitayumba. Hakuiacha. Alipiga magoti kwenye udongo ule, akaendelea kuishika mpaka ikaisha.